Usitume Ile Injini

Boma la Marehemu Mwalimu Anyona,
Ekerenyo, Nyamira.
Jumatano, 12 Novemba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Sheila,

Pokea salamu zangu, mke mwenzangu wa utani, wa huko Minnesota kwenye barafu. Natumai barua hii itakukuta mzima, umevaa soksi mbili kama nilivyokuagiza, na kwamba zamu za usiku hazijakuvunja mgongo. Mguu ulioteguka umepona kweli? Kwenye simu ulisema umepona, lakini wauguzi tunajuana. Sisi huwa wazima mpaka siku ya kuanguka.

Mimi ninapumua. Miguu imevimba hadi magotini na siku hizi nalala nimeketi, nimeegemea mito, maana nikilala chali nahisi ninazama. Daktari wa Kisii ameniongezea dawa za kupunguza maji mwilini, akaniambia nirudi Januari. Nimewaambia wagonjwa wengi warudi Januari kwa sauti ile ile. Usilie, mjukuu wangu. Hata wewe ungeliona faili langu ungejua la kusema, na usingelisema.

Mvua ya huku imekataa kukatika. Majani ya chai yapo mengi, lakini lori la kiwanda haliwezi kufika kituo chetu cha kununulia, kwa hiyo yanalala hapo na kuharibika. Ndizi zimeangushwa na upepo, zile za upande wa mto karibu zote.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu inasomwa na kila anayeingia jikoni, na kwa sauti siwezi; pumzi inakatika kabla ya jambo lenyewe. Emily, binti wa mchungaji wetu, anasafiri kwenda huko Jumapili, naye ameahidi kukukabidhi mkononi. Nimeandika Kiswahili kwa kuwa Ekegusii chako kiliishia Nakuru. Tena yako mambo ambayo mzazi hamwambii mtoto wake, lakini nyanya na mjukuu tumeruhusiwa kuambiana lolote, hata la aibu. Leo naitumia ruhusa hiyo.

Sasa nije kwenye gari.

Mwezi wa saba ulinipa njia mbili nichague. Ya kwanza, ununue injini ya Kijapani, tuitie ndani ya Landrova yetu, tubadilishe springi na breki, na mzee huyu aendelee kupanda mlima. Ya pili, tumuuze kama vyuma kuukuu, nawe ulete gari jingine lililotumika lakini lenye nguvu ya kuhimili tope letu. Ukaweka sharti. Landrova ni ya nyanya, ataiendesha amtakaye nyanya. Lakini gari litakalonunuliwa kwa jasho lako, baba yako asiguse usukani wake.

Baba yako mkubwa Ondieki hupiga simu kutoka Nairobi kila Jumapili. “Mama, hiyo takataka bado iko uani?” Namjibu, “Ipi? Maana hata mimi niko uani.” Anacheka, halafu ananiambia njia ya pili ndiyo ya watu wenye akili.

Baba yako anataka injini. Hajasema sana, unajua asivyopenda kusema, lakini nimemwona akifungua boneti na kupima nafasi kwa viganja vyake, akifunga, akifungua tena. Ulipotuma picha ya ile injini uliyoipata, aliomba simu yangu akaenda nayo nje. Hakuirudisha mpaka chaji ilipokwisha.

Nyote mmekuwa mkinisubiri mimi, kwa kuwa kitabu cha gari kina jina langu. Mkadhani ninapima. Sikuwa nikipima, Sheila. Tangu mwezi wa nane najua jibu, nami nimelikalia.

Mwezi huo baba yako, Cleophas, alinipeleka Kisii, mimi kwa daktari na gari kwa fundi, atazame ni injini gani itakayoingia. Fundi wetu ni Abdirahim, mwenye gereji nyuma ya soko la Daraja Mbili. Baba yake ndiye aliyekuwa akinitengenezea gari hili zamani, nilipokuwa naliendesha mwenyewe kwenda kuchanja watoto vijijini, na wanaume wa Ekerenyo wakisimama kando ya njia kuona kama kweli mwanamke atakata kona. Cleophas alikwenda madukani kutafuta mpira wa radieta. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi nikinywa maji, Abdirahim akatoka chini ya gari na kuniita.

“Sista, njoo uone kitu. Pole pole.”

Akaniwekea mtungi wa mafuta mtupu niukalie, nami nikainama kadiri nilivyoweza. Akachukua bisibisi, akaielekeza kwenye chesisi, ule mfupa mrefu wa chuma unaobeba gari lote, akasukuma kama mtu anayetoboa ndizi mbivu. Ikaingia hadi kwenye mpini. Akasogea mbele kidogo, akasukuma tena. Ikaingia tena.

“Nje ni rangi tu,” akasema. “Ndani hamna kitu. Mmekuwa mkibeba nini?”

“Watu. Majani. Mbolea ya chai.”

“Mbolea! Na nani huliosha?”

“Mwanangu. Kila Ijumaa, kwa ajili ya Sabato.”

“Basi analiosha vizuri mno. Mbolea inamwagika sakafuni, yeye anaisukuma kwa maji, maji yanaiteremsha ndani ya chesisi kupitia matundu. Humo jua haliingii. Inakula chuma siku zote saba.” Akajifuta mikono kwa kitambaa. “Hili gari limesimama kwa imani, Sista. Sijui ni ya kwenu Jumamosi au ya kwetu Ijumaa.”

Nilicheka, kwa sababu alilisema vizuri. Kisha nikamwuliza kama anaweza kuchomelea.

“Nichomelee juu ya nini? Kutu haishiki kutu.”

“Na tukileta chesisi nyingine?”

“Utaleta chesisi, utakuta sakafu nayo imekwisha. Utaleta sakafu, kuta zitakufuata. Mwishowe utakuwa umenunua gari jingine vipande vipande.”

“Na injini mpya?”

“Hapo ndipo mtalimaliza. Sasa hivi linaponea udhaifu wa injini. Tieni yenye nguvu, lijazeni watu, likutane na ule mlima wenu. Litakatika katikati.”

Nilimwomba asimwambie Cleophas. Akasema, “Mama, humu wanapanda watu.” Nikamwahidi kwamba nitamwambia mwenyewe, tena siku hiyo hiyo. Akakubali. Nilimchanja Abdirahim alipokuwa mtoto, na mama yake alimfundisha kwamba Sista hasemi uongo.

Cleophas akarudi na mpira wake wa radieta, tukapanda, tukarudi nyumbani. Njiani aliniuliza fundi amesemaje. Nikasema, “Amesema injini tutaongea baadaye.”

Sasa sikiliza kwa nini. Si ili unisamehe. Nataka tu uelewe ni kitu gani hasa kinachooza hapa nyumbani.

Najua unakumbuka siku ya kovu lako, hilo la juu ya jicho. Baba yako alikuwa amekunywa, nawe ulikuwa umeketi mbele naye, na gari likaingia mtaroni hapa chini ya kanisa. Nilikushona mimi, kwenye meza ya jikoni. Mama yako alikuchukua wiki hiyo hiyo mkaenda Nakuru, na alifanya sawa. Nilimnyang'anya Cleophas ufunguo nikautundika shingoni mwangu kama msalaba. Nilipokuwa nikikuambia baadaye kwenye simu kwamba ameacha pombe, nilikuwa nasema uongo. Nilikuambia hivyo mara nyingi, mpaka ukaniambia, “Nyanya, usinipe tena habari hiyo.”

Kisha akaacha kweli, nami sikuwa tena na mtu wa kumwambia.

Alivyoacha ni hivi. Ijumaa ndiyo iliyokuwa ikimshinda. Siku ya soko, watu wana pesa ya ndizi, na nyumba ya mama mpika chang'aa iko hapo chini tu. Mimi nikambunia dawa. Nikamwambia, “Ijumaa mchana utaniosha gari kwa ajili ya Sabato, ndani na nje, mpaka sakafu ing'ae. Nikikuta limeoshwa na mdomo wako haunuki, Jumapili nitakupa ufunguo.” Wa kwanza kunicheka alikuwa yeye. “Mama, mimi si mtoto wa kuogeshwa.” Nikamwambia, “Si wewe unayeogeshwa.”

Ijumaa ya kwanza hakuja. Ya pili alikuja amelewa, akaosha upande mmoja. Lakini akaendelea kuja. Aliteka maji mtoni kwa madebe, na baadaye akanunua mpira na kuunganisha kwenye tangi. Jioni nilikuwa natoka, najifanya kukagua gari, nami kwa kweli ninamnusa. Alijua. Alikuwa akisimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Mwaka ukapita, na mwingine. Siku moja nikavua ufunguo shingoni nikampa, nikamwambia sitautaka tena.

Tangu siku hiyo yeye ndiye mwenye kuwabeba watu wa mlima huu. Mjamzito, mzee, maiti ya kurudishwa nyumbani mvua inaponyesha na gari la hospitali linapoishia kwenye lami. Msimu wa mbolea huwapandishia majirani magunia kutoka kituoni, na Ijumaa inayofuata huosha. Kila Ijumaa. Hakukosa hata wiki ya mazishi ya babu yako.

Kwa hiyo unaona, mjukuu wangu. Maji yaliyomwosha mwanangu ndiyo yaliyolila gari. Na aliyeagiza maji hayo ni mimi.

Nilipokuwa nimekalia ule mtungi wa mafuta, sikuiwazia chesisi. Niliiwazia Ijumaa. Gari likiuzwa, baba yako ataosha nini? Likija lako, ataliona likipita na dereva wa kuajiriwa, naye amesimama kando ya njia katika tope. Ana umri wa kutosha kuona aibu na hana umri wa kutosha kuizoea. Nikasema moyoni, mimi sina muda mrefu. Acha gari liniage kwanza. Nikiisha kuzikwa wataamua wenyewe.

Hayo ndiyo mahesabu niliyoyafanya, mimi muuguzi, mzee wa kanisa.

Mwezi uliopita Bitutu, mke wa jirani yetu Nyangau, alishikwa na uchungu usiku wa mvua kubwa. Walikuja wakagonga. Cleophas aliwasha gari. Ningeweza kusema neno moja tu. Badala yake nilivaa koti nikapanda nao, nikijidanganya kwamba naenda kumsaidia Bitutu, na hali siwezi hata kuinama bila pumzi kukatika. Kwenye kona ya daraja nililisikia gari likilia, si kwenye magurudumu, katikati, mahali tulipokuwa tumekalia. Cleophas akasema, “Linazeeka, Mama.” Bitutu, nyuma yangu, alikuwa amenishika mkono anaomba. Mimi sikuomba. Sikujua ningeanzia wapi.

Tulifika. Alijifungua salama, mvulana, na sasa vijana wa hapa wanamwita mtoto Landrova, baba yake anawafukuza kwa fimbo. Bitutu aliniletea uji wa wimbi wa kunishukuru. Nilimwagia kuku alipoondoka.

Nimechoka. Nitamalizia kesho.

Alhamisi.

Jana nilikusudia kuimaliza barua hii kwa kukuomba unitunzie siri. Nilitaka uandike kwenye kile kikundi chenu cha familia kwamba injini imekosekana, tuvute siku. Nimelala nimeketi na jambo hilo usiku kucha, na asubuhi lilikuwa linanuka.

Nikamwita baba yako. Alikuja ameshika panga, anatoka kukata ndizi zilizoanguka. Nikamwambia aketi. Akaketi mlangoni, kwenye kizingiti, kwa sababu ya matope ya viatu vyake. Nikamweleza yote, ya bisibisi, ya mbolea na ya maji. Nilipofika kwenye maji aliinua kichwa.

“Hayo maji yangu?”

“Hayo maji yangu. Ni mimi niliyekuambia.”

Akauliza, “Lini alikuonyesha?”

“Mwezi wa nane.”

Nilimwona akihesabu. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti, nami nilijua anahesabu watu. Akafika kwa Bitutu.

“Tulipombeba mke wa Nyangau ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

“Nawe ukapanda mbele, ukaketi kando yangu.”

“Ndiyo.”

Akatazama viatu vyake. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. Akasema, “Na mimi ndiye mlevi.”

Siku ya kovu lako hakujua anachokifanya. Mimi nilijua, tena nikiwa na akili zangu timamu.

Alikwenda uani. Nilisikia boneti ikifunguliwa, na baada ya muda akapita na betri amejitwika begani, akaiingiza ghalani akafunga mlango. Akarudi akaweka ufunguo juu ya Biblia yangu, pole pole, kana kwamba nimelala. Nikamwita. Hakugeuka. Akatoka langoni. Ukitoka kwetu, unajua, njia ya juu inakwenda kituo cha majani na ya chini inakwenda kule kwa mama mpika chang'aa. Kutoka kitandani sioni lango.

Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi.

Basi jibu langu ni hili. Usitume ile injini. Kama umekwisha kulipa, ipoteze. Gari litauzwa kwa watu wa vyuma kuukuu, nimemwambia Ondieki kwa simu leo mchana na amefurahi. Litakatwa hapa hapa uani. Nisingependa hata wao waliendeshe. Ondieki nimemwambia sababu. Mchungaji nitamwambia Sabato, na Bitutu nitamwita nimwambie mwenyewe kama pumzi itaniruhusu.

Kuhusu gari jingine, sichagui. Nimekuwa nikichagua kwa niaba ya watu wote na umeona tulikofika. Mlima unalihitaji, hilo ni kweli, na mvua hii bado ni ndefu. Nani alishike usukani, amua mwenyewe. Nilitaka kukuapia kwamba baba yako hajaonja pombe miaka hiyo yote. Ni kweli, mjukuu wangu. Lakini nilikuapia hivyo hivyo wakati haikuwa kweli, na sasa nimekuonyesha ninavyoweza kunyamaza watu wakiwa hatarini. Neno langu halifai kununulia gari. Pengine hilo ndilo baya kuliko yote niliyomfanyia Cleophas: shahidi wake alikuwa ni mmoja tu, naye ameharibika.

Sikuombi umpigie simu. Sitarajii. Ningekuwa wewe, na hilo kovu kila asubuhi kwenye kioo, sidhani ningempigia.

Giza linaanza kuingia. Nimesikia lango likifunguka sasa hivi, na hatua zake zikipita nje ya dirisha langu kwenda nyumbani kwake. Hakupita kunijulia hali. Zamani ningetoka nikamnusa. Leo miguu haiwezi kunifikisha mlangoni, na hata ingeweza, sina haki tena ya kusogeza pua yangu karibu na mwanangu. Kwa hiyo sijui alipitia njia ipi, na siwezi kukuambia.

Nisalimie mumeo Ratemo na umwambie nimepokea picha za nyumba yenu, ni nzuri lakini madirisha ni madogo. Wabusu watoto. Msalimie mama yako huko Nakuru mtakapoongea, umwambie mimi Nyanchoka nimesema alifanya sawa. Miaka yote hii sikuwahi kumwambia. Baba yako mkubwa Ondieki anawasalimu.

Mungu aliyekulinda kwenye ule mtaro akulinde na kwenye barafu, akupe mikono miepesi kwa wagonjwa wako na ulimi usiowaficha jambo. Nikitangulia kabla hujafika, usipande ndege kwa ajili ya maiti. Ukipanda, iwe kwa sababu atakuwa amebaki hapa mtu mmoja aliye hai.

Ni mimi nyanya yako, nikupendaye bila kupungua,

Nyanchoka